Kuweka kamera mbele ya jukwaa sio kutengeneza filamu

Hapa Kampala watu wengi wanaamini ukitaka kugeuza mchezo wa jukwaani kuwa filamu unaweka tu kamera ukumbini, waigizaji wanacheza kama kawaida, basi. Naelewa inatoka wapi, maana hadithi ni ile ile na waigizaji mara nyingi ni wale wale. Lakini hiyo ni rekodi ya onyesho, nayo ina thamani yake kabisa, ila filamu ni kazi nyingine. Jukwaani mwigizaji anapaza sauti ili hata aliyekaa nyuma kabisa asikie, mikono anainyanyua juu, sasa kamera ikimsogelea usoni hayo yote yanazidi, jicho tu linatosha. Tena safari ya kwenda Gulu ambayo jukwaani inasimuliwa kwa maneno mengi, kwenye skrini unaona basi linavuka daraja la Karuma na yale maneno unayakata. Ndo maana skripti inaandikwa upya, na ruhusa ya mwandishi ni lazima, sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda. Unataka kuhakikisha mwenyewe? Chukua filamu unayoipenda, zima sauti dakika 5 uone unaelewa kiasi gani, alafu fanya hivyo hivyo na mchezo uliorekodiwa ukumbini.