Maana ya kuharibika kwa data katika mashine ya gemu
Kuharibika kwa data ni hali ambapo yaliyohifadhiwa kwenye hadi diski (kifaa kilicho ndani ya mashine kinachotunza gemu na data) hayasomeki, au hayalingani tena na orodha inayoonyesha kila kitu kilipowekwa, ingawa diski yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Katika vibanda vya gemu vya Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, ni rahisi kusema tu kwamba mashine "imeungua", na neno hilo humsukuma mwenye kibanda kununua diski ambayo pengine haihitaji.

Chukua mfano wa stoo ya mawese ambamo karani huandika daftarini kila dumu linapoingia. Akikatizwa kabla ya kumaliza mstari, madumu yatakuwepo, lakini daftari halitasema kweli. PlayStation 4, ambayo diski yake ya kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, nayo huandika data na pia hurekebisha orodha yake, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, au mashine ikiganda na mchezaji akachomoa waya, orodha hubaki nusu.

Kwa hiyo mashine iliyoganda ipewe kwanza dakika chache. Isipozinduka, izimwe kwa kushikilia kitufe chake, kisha kitufe hicho kishikiliwe tena kwa takriban sekunde 7 mpaka mlio wa pili usikike, ili iwake katika hali salama (safe mode), yaani hali ya matengenezo inayoonyesha machaguo yenye namba kwenye skrini. Padi iunganishwe kwa waya wa USB, kwa sababu hapo haifanyi kazi bila waya. Chaguo la 5 hukagua diski na kuandika orodha upya bila kufuta gemu zilizo nzima wala maendeleo ya mchezaji. Kazi hiyo huweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa, hivyo isianzwe siku ambayo umeme unakatikakatika, maana kukatizwa tena ndiko kunakoongeza madhara.

Chaguo la 7 hufuta kila kitu na kusakinisha mfumo upya kutoka kwenye flashi. Naona si haki kwa fundi kulianza hilo bila kumwambia mteja, kwani kijana aliyecheza ligi kwa miezi mingi hupoteza yote asiyoyanakili mahali pengine.

Diski inayogonga-gonga, au inayokataa baada ya orodha kujengwa upya mara kadhaa, huenda imeharibika kimwili. Hiyo hubadilishwa kwa diski ya SATA (aina ya kiungio cha diski) ya inchi 2.5 isiyozidi unene wa milimita 9.5.

Wengi hutegemea stebilaiza kama kinga. Stebilaiza hurekebisha umeme unaopanda na kushuka, lakini haina betri, hivyo umeme ukikatika mashine huzimika papo hapo. UPS ndiyo yenye betri, nayo humpa mchezaji dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima mashine kwa utaratibu.