Mbegu ya Pasta Inakwenda kwa Nani?

Nafundisha ufafanuzi wa Biblia jioni hapa Kampala. Wanafunzi wangu wengi ni Wakongomani wa Nsambya na Katwe: wainjilisti, viongozi wa kwaya, akina mama wa maombi. Tukifika kwenye somo la kupima mafundisho, kama lile la kupanda mbegu, yaani kumtolea pasta fedha ili upate muujiza, darasa hupoa ghafla, na lazima atokee mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, si imeandikwa, Msiwaguse masihi wangu?" Basi huwa naanzia hapo hapo. Mstari huo usipowekwa mahali pake, hakuna pasta atakayepimwa kwa lolote.

Umo katika Zaburi 105:15, na "masihi" hapo maana yake ni watu waliopakwa mafuta na Mungu. Ukianza kusoma juu kidogo, utaona wanaotajwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache waliokuwa wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme wasiwaonee. Mfalme mmojawapo ni Abimeleki wa Gerari. Fungua Mwanzo 20. Ibrahimu amedanganya kuhusu mkewe, Sara amechukuliwa, na Mungu anamwonya mfalme usiku katika ndoto, akimwambia wazi kwamba Ibrahimu ni nabii. Asubuhi Abimeleki anafanya nini? Anamwita nabii huyo na kumuuliza usoni: umetutenda nini? Wala Mungu hamkemei kwa kuuliza. Kwa hiyo kisa chenyewe kinachosimama nyuma ya mstari huo ni kisa cha nabii aliyekosea na akahojiwa. Kinachokatazwa ni kumdhuru mtu. Kuhoji neno lake Paulo ameagiza: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:21).

Sisi wa Uganda tungepaswa kuwa wa mwisho kuogopa kuuliza. Viongozi wa lile kundi la kidini la Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi, walitangaza kwamba dunia ingekwisha mwaka 1999 ukimalizika. Haikwisha, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi wakateketea kanisani. Kumbukumbu la Torati 18:22 ilikuwa imeshatoa kipimo cha nabii ambaye neno lake halitimii.

Tuje sasa kwa pasta ninayeulizwa habari zake kila muhula. Jina lake silitaji, kwa kuwa anachofundisha kinahubiriwa na wengine wengi, kwa Kiganda, Kiswahili na Kilingala, kwenye majumba ya vioo na kwenye vibanda vya turubai. Ukimsikiliza redioni, fundisho lake ni hili: mwenye shida apande mbegu, mbegu iwe kubwa kama muujiza anaoutafuta, na ipandwe kwenye udongo mzuri, yaani kwa mtumishi mwenye upako. Kisha namba ya kutuma pesa kwa simu inasomwa polepole, mara mbili.

Fundisho hili halikuzaliwa Uganda. Aliyelipa umbo tunalolijua ni mhubiri wa Marekani, Oral Roberts wa Oklahoma. Mwaka 1947, kwa maelezo yake mwenyewe, alifungua Biblia na macho yake yakatua kwenye 3 Yohana 2: "Mpenzi naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako, kama vile roho yako ifanikiwavyo." Huduma yake yote ikajengwa juu ya mstari huo, na baadaye akaongeza fundisho la mbegu ya imani: toa kwanza, kisha tarajia muujiza. Mwaka 1987 aliwaambia wafuasi wake kwamba zisipopatikana dola milioni 8, Mungu angemwita nyumbani. Nalisema hili bila kumdhihaki. Alipona kifua kikuu akiwa kijana, na imani yake katika uponyaji haikuwa maigizo. Ila mstari wake haubebi mzigo aliotwikwa. Ni salamu ya mzee kwa rafiki yake Gayo. Barua nyingi za zama hizo zilizofukuliwa katika mchanga wa Misri zinaanza vivyo hivyo, kwa kumtakia mwenzako afya njema, kama sisi tunavyoandika "natumaini hujambo". Kumtakia mtu heri ni jambo moja, kumpa ahadi ya Mungu ni jambo jingine.

Mstari wenye uzito zaidi ni 2 Wakorintho 9:6: "Apandaye haba atavuna haba, apandaye kwa ukarimu atavuna kwa ukarimu." Hapa pasta ana hoja. Paulo anaongea juu ya fedha, anatumia mfano wa kupanda, na anaahidi kwamba Mungu atawapa watoaji riziki. Anayekana hayo naye hajasoma. Lakini sura ya 8 na ya 9 ni hotuba moja, na ukizisoma kwa mkupuo mmoja utataka kujua: fedha hizi zinakwenda wapi? Zinatoka Korintho, mji wa biashara, kwenda kwa maskini wa Yerusalemu. Anayeomba mchango si anayeupokea. Paulo anataja shabaha yake waziwazi, "mambo yawe sawasawa", aliyezidiwa amfae aliyepungukiwa. Mjane wa Katwe anapomtumia mtu mwenye gari tatu pesa za kodi ya chumba, mtiririko umegeuzwa, hata kama maneno ni yale yale ya Paulo.

Halafu kuna 8:12, mstari ambao sijawahi kuusikia katika kipindi cha pasta huyu: nia ikiwepo, sadaka hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Kuna watu wanaokopa kwenye kikundi cha akiba ili wakapande mbegu. Paulo hawezi kuitwa kuwa shahidi wao. Wamakedonia anaowasifu walitoa katika umaskini mwingi, naye hasemi popote kwamba umaskini huo uliondoka wiki iliyofuata. Mavuno anayoyataja katika 9:10-11 ni mazao ya haki, na riziki ya kumwezesha mtoaji aendelee kutoa.

Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani", nitaipitia haraka. Ghala inayosemwa ilikuwa ya hekalu, iliwalisha Walawi, na kwa sheria ya Kumbukumbu 14 zaka ya mwaka wa tatu waliila pia mgeni, yatima na mjane. Katika sura hiyo hiyo ya Malaki, mistari mitano tu juu yake, Mungu anawashitaki wanaomdhulumu kibarua mshahara wake. Waulizeni wapiga vyombo wa kanisa kubwa lolote mjini kama wanalipwa.

Lakini siyo kila neno la pasta huyu ni makapi. Anafundisha uaminifu katika ndoa vizuri kuliko wengi wetu, anawahimiza vijana kufanya kazi, na anasali na wagonjwa ambao wengine tumewachoka. Kwamba mhubiri apate riziki kwa Injili ni agizo (1 Wakorintho 9:14), wala sina ugomvi na pasta anayekula. Kinachonisumbua ni kwamba anajiita mrithi wa balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda. Balokole wa uamsho wa miaka ya 1930, kizazi cha Simeoni Nsibambi, mmoja wa viongozi wake wa kwanza, walijulikana kwa kuungama dhambi hadharani na kurudisha walichoiba. Mtu akiokoka, jirani alitarajia kurudishiwa jembe lake. Leo mtu akiokoka, jirani anaombwa mkopo wa mbegu.

Wanafunzi huniuliza kama wahame kanisa. Hilo siwaamulii. Ninachowaelekeza ni 2 Wakorintho 8:19-21, mahali ambapo Paulo, mtume kamili, anakubali kusafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili mtu asije akamlaumu kuhusu fedha ile. Nendeni kwa wazee wa kanisa lenu, kwa heshima, mkaulize ni nani aliyechaguliwa na washirika kuhesabu sadaka, na namba ile ya simu imesajiliwa kwa jina la nani. Kama kuna kamati, mtaonyeshwa daftari. Mkijibiwa kwa Zaburi 105, wasomeeni Mwanzo 20.