Je, wajua kwa nini Julian Bond alichaguliwa mara tatu kabla ya kuapishwa?

Tarehe 10 Januari 1966, wabunge wateule wa Bunge la Wawakilishi la jimbo la Georgia, Marekani, walikuwa wakila kiapo mjini Atlanta. Karani akamtaka Julian Bond, kijana mweusi wa miaka 25, akae kando. Kisha kura ikapigwa: wabunge 184 wakamkataa, 12 tu wakamtetea.

Kosa lake lilikuwa maneno. Bond alikuwa mkuu wa mawasiliano wa SNCC, kamati ya vijana waliopigania haki za watu weusi. Siku nne kabla, SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Uchungu ulikuwa mbichi: mwenzao Sammy Younge, aliyewahi kutumikia jeshi la majini, alikuwa ameuawa siku hizohizo huko Tuskegee, Alabama, baada ya kutaka kutumia choo cha wazungu kwenye kituo cha mafuta. Bond hakuliandika tamko lile, lakini mwandishi wa habari alipompigia simu, hakulikana.

Wabunge wakadai mtu wa namna hiyo hawezi kuapa kwa dhati kwamba atailinda katiba. Tukumbuke pia kwamba Bond na wenzake weusi waliochaguliwa pamoja naye mwaka 1965 ndio waliowarudisha watu weusi katika bunge hilo baada ya zaidi ya nusu karne.

Bond akaenda mahakamani. Miongoni mwa walioshtaki pamoja naye alikuwa Martin Luther King, kwa kuwa alikuwa mkazi wa eneo lake la uchaguzi. Mahakama ya chini ikawakatalia, majaji wawili kwa mmoja. Wakati huo kiti kilitangazwa kuwa wazi. Februari Bond akashinda uchaguzi mdogo, akakataliwa tena. Novemba akashinda mara ya tatu.

Tarehe 5 Desemba 1966, majaji wote wa Mahakama ya Juu walimpa haki. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren ilieleza kwamba Bond alitimiza sifa zote za kikatiba, na wabunge wenzake hawana mamlaka ya kupima unyofu wa kiapo chake kwa sababu ya maoni yake. Kwangu uzito uko kwenye hoja iliyofuata: mbunge ana wajibu wa kusema msimamo wake juu ya mambo yenye ubishi, ili waliomchagua wajue anawawakilisha vipi.

Aliapishwa Januari 1967. Mwaka 1968 jina lake lilipendekezwa kwa umakamu wa rais kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago. Akajitoa, maana katiba inataka miaka 35 naye alikuwa na 28. Mwaka 1975 alihamia Seneti ya Georgia, akakaa huko hadi alipowania Bunge la taifa mwaka 1986. John Lewis, mwenzake wa zamani wa SNCC, akamshinda. Safari hii waliomkatalia kiti walikuwa wapiga kura wenyewe.