Je, wajua? Wanajazi wasiowahi kufanya mazoezi pamoja hupigaje wimbo mmoja

Katika usiku wa jazi wa kila wiki, jambo hili hutokea mara nyingi. Bendi mwenyeji ya piano, besi na dramu iko jukwaani. Anapanda mgeni na saksafoni yake, anamwinamia mpiga piano, anamtajia wimbo na ufunguo, yaani sauti ya msingi utakamopigwa. Mpiga dramu anahesabu hadi nne, na dakika kadhaa baadaye wote wanamaliza kwa pamoja.

Kwa miaka mingi nilidhani ama walikutana mchana kufanya mazoezi, ama kila mtu anapiga linalomjia. Nilikosea kote kuwili, na kosa hili la pili ndilo ninalolisikia zaidi kwa watu. Linatokana na maneno "kubuni papo kwa papo", yanayotufanya tuamini hakuna kilichopangwa. Kumbe kabla solo, yaani zamu ya mmoja kubuni, haijaanza, mengi yameshajulikana: urefu wa wimbo, mfuatano wa kordi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), kasi, na kwamba melodi itapigwa mwanzo na mwisho, solo zikikaa katikati. Kinachobuniwa ni sauti zinazopita juu ya kiunzi hicho, na jinsi wenzake mpiga solo wanavyomwitikia.

Kiunzi chenyewe kinafanana na ubeti wa tarbia. Nyimbo nyingi za jazi zina vipimo 32 vya mapigo manne manne, vilivyogawanywa katika sehemu nne za vipimo vinane. Ya kwanza, ya pili na ya nne hufuata kordi zilezile; ya tatu ndiyo hugeuka. Sasa mfikirie malenga anayejibizana ukumbini. Maneno ya mshororo wa tatu bado hayajamjia, lakini anajua utakuwa na mizani 16 na kina kitaangukia wapi, kwa hiyo ulimi wake unaelekea huko tangu sasa. Mpiga saksafoni naye hajui noti atakayoipiga baada ya vipimo vinane. Kordi itakayokuwa inamsubiri hapo anaijua.

Tofauti ni kwamba mwanajazi hurudia "ubeti" uleule, na kila mzunguko huitwa korasi. Kwa kasi ya mapigo 160 kwa dakika, mapigo 128 ya korasi moja huisha kwa sekunde 48. Asiyeuhesabu mzunguko huo kichwani hupotea mara moja.

Kiunzi kinaweza hata kuishi bila melodi yake. Kordi za "I Got Rhythm", wimbo wa George Gershwin wa mwaka 1930, zimebebeshwa melodi mpya nyingi mno. Katika klabu ya Minton's Playhouse, mtaani Harlem, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1940, Thelonious Monk akiwa kwenye piano na Kenny Clarke kwenye dramu, wageni waliopanda jukwaani walipimwa kwa viunzi vya namna hiyo.

Yasiyojulikana mapema huamuliwa kwa ishara. Mkono ukigusa kichwa, turudi kwenye melodi. Vidole vinne vikiinuliwa, tupokezane na dramu vipimo vinne vinne.

Na ubongo je? Mwaka 2008 watafiti Charles Limb na Allen Braun waliwapima wapiga piano wa jazi wakiwa wamelala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaona sehemu ya ubongo inayohusishwa na kujichunga ikitulia wakati wa kubuni. Inavutia, ila walikuwa watu sita tu, kila mmoja peke yake, bila mwenzake hai wa kumwitikia.

Ukitaka kukisikia kiunzi, solo inapoanza endelea kuimba melodi kimoyomoyo na ulifuate besi. Mwisho wa kila vipimo vinane, mpiga dramu mara nyingi huongeza kishindo kidogo. Baada ya cha pili, kordi zinageuka, na utamsikia mpiga saksafoni akigeuka nazo.