“Simba amelala” si “The lion has slept”

Imejitokeza tena wiki hii, safari hii kwenye notisi za wapagazi wanaosomea uongozaji wa watalii: “-me- kwa Kiingereza ni have.” Iko kwenye makaratasi ya tuisheni, iko kwenye magrupu ya WhatsApp ya madereva wa safari hapa Arusha, na wanaoisambaza wanaamini wanasaidia. Hawasaidii. Kanuni hii inaharibu sentensi nyingi kuliko makosa yote ya tahajia tunayohangaika nayo.

Gari limesimama Serengeti, simba yuko chini ya mgunga, macho yamefumba. Kwa Kiswahili: simba amelala. Mwongozaji anageuka na kuwaambia wageni, “The lion has slept.” Mgeni anaelewa kwamba simba alilala, usingizi umekwisha, sasa yu macho. Ni kinyume kabisa cha anachokiona dirishani. Sema “The lion is sleeping”, au “is asleep”.

Chanzo cha kosa kiko kwenye Kiswahili chetu, ndiyo maana kukariri majedwali ya Kiingereza hakulitibu. Vitenzi vyetu vingi vinataja kuingia katika hali, na -me- inasema umeshaingia na umo. Mtazame mtu anayejiandaa kutoka kwenye hema alfajiri. Mkono mmoja umeshapenya kwenye koti, mwingine unatafuta tundu: huyo anavaa koti, “He is putting on a jacket.” Dakika moja baadaye zipu imefika shingoni: huyo amevaa koti, “He is wearing a jacket.” Angalia vizuri. Kiswahili kimebadilisha -na- kuwa -me-, Kiingereza kimebaki na is na kubadilisha kitenzi chenyewe. Have haikuhitajika popote.

Ndivyo ilivyo kwa kundi zima. Amekaa ni “is sitting”, amesimama “is standing”, ameshika “is holding”. Mpagazi amebeba kilo 20: “The porter is carrying 20 kilos.” Amechoka, amekasirika, ameshiba: “is tired, is angry, is full”. Basi limejaa: “The bus is full.” Ukimwonyesha mgeni mkungu wa ndizi soko la Mbuyuni pale Moshi, sema “These bananas are ripe.” “Have ripened” si kosa la sarufi, ila ni lugha ya ripoti ya kilimo.

Linaloniudhi zaidi ni “ameolewa”. Watu wanaandika “She has been married”, wakidhani wametafsiri kwa uangalifu. Sentensi hiyo ikisimama peke yake, bila kutaja muda, Mwingereza anasikia kwamba aliwahi kuwa na mume, na huenda sasa hana. Mmemwachisha dada wa watu ndoa yake kwa kiambishi kimoja! Ni “She is married.”

Kipimo ninachokiamini ni neno “bado”. Liweke kabla ya kitenzi, kwa maana ya jambo linaloendelea. “Bado amelala”, “bado amevaa koti”, “bado amekasirika” zinaingia akilini, basi tumia is. “Bado amevunja kikombe”, “bado amelipa kiingilio” hazina maana, basi hapo ndipo have inapokaa: “He has broken a cup”, “She has paid the entry fee.”

Kipimo hiki kina mashimo, na sitayaficha. Hali isiyorudi nyuma hukikwepa: husemi “bado amekufa” wala “bado zimeoza”, lakini Kiingereza kinakubali “is dead” na “are rotten”. Halafu kuna gari. Gari limeharibika njiani, limeharibika mpaka sasa, na bado Waingereza husema “The car has broken down.” Kioo cha gari hilohilo kimevunjika, nao wanasema “is broken”. Hayo unayakariri mojamoja.

Sasa muda. Kiswahili cha kila siku kinaruhusu “nimemwona jana” na “nimefika saa mbili”. Kiingereza hakiruhusu. Ukitaja muda uliokwisha, have inaondoka: “I saw him yesterday”, “I arrived at eight.” Na ni “eight”, si “two”, hilo nalo limewaachisha wageni ndege. Kwa “already” na “yet” vitabu vingi vinajifanya kuna jibu moja. Mwingereza ataandika “I have already sent it”, Mmarekani atasema “I already sent it”, na hakuna aliyekosea. Kwenye mtihani fuata ya Mwingereza.

Ajabu ni kwamba have inatakiwa mahali ambapo sisi hatuna -me-. “Ninaishi Moshi tangu 2012” hugeuzwa kuwa “I am living in Moshi since 2012.” Kosa. Jambo lililoanza zamani na linaendelea hutaka have: “I have lived in Moshi since 2012.” “Since” kwa mwanzo wa muda, “for” kwa urefu wake: “for five years”. Nao wale wa “I have five years here” wanatafsiri “nina miaka mitano hapa” neno kwa neno. Andika “I have been here for five years.”

Kuna neno moja ambalo waongozaji wa Kilimanjaro lazima walitenganishe kabla ya kupanda, maana linaenda kwa redio na kwa daktari. Mteja amezimia. Kwa Kiswahili hiyo ni taarifa moja. Kwa Kiingereza ni mbili: “He has fainted” humfanya msikilizaji awaze mtu aliyeanguka kwa muda mfupi, pengine ameshazinduka. Kama bado hajitambui, sema “He is unconscious”, kisha taja tangu lini: “He has been unconscious for ten minutes.”