Mpaka wa muuzaji gari si mpaka wa mnunuzi

Lira ya Italia iliposhuka thamani mwaka 1992, Volkswagen na Audi zilizouzwa Italia zikawa rahisi kuliko zilezile zilizouzwa Ujerumani na Austria. Wanunuzi wakavuka mpaka kuzifuata, na wengi wakarudi mikono mitupu. Waliyoambiwa huko bado yanaaminiwa.

"Muuzaji aliyepewa eneo na mtengenezaji haruhusiwi kumuuzia mtu wa nje." Si kweli. Kanuni za Umoja wa Ulaya za wakati ule zilimruhusu mtengenezaji kumkataza muuzaji asifungue tawi nje ya eneo lake, wala asiwafuate wateja huko kwa kuwaandikia. Lakini mteja aliyekuja mwenyewe, au aliyemtuma mtu kwa maandishi, alistahili kuuziwa. Waliokataliwa kihalali ni wachuuzi wasio na mkataba na mtengenezaji, wanaonunua ili wauze tena.

"Kama mkataba haukatazi, hakuna kizuizi." Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Muuzaji wa Italia alilipwa bonasi kulingana na mauzo, ila mauzo ya nje ya eneo lake yalihesabiwa hadi asilimia 15 tu ya mauzo yake yote. Yaliyozidi hapo hayakumwongezea kitu. Mwenye duka yeyote anajua atakachofanya: atamwambia Mjerumani gari limekwisha, au asubiri miezi. Mnunuzi ataondoka akidhani ni bahati mbaya, kumbe ni hesabu iliyopangwa mbali na macho yake.

"Gari la nchi jirani halina waranti." Kanuni hizohizo ziliwataka wauzaji wote wa chapa hiyo ndani ya Umoja waiheshimu waranti ya mtengenezaji, popote gari liliponunuliwa.

"Mipaka humlinda muuzaji." Humlinda dhidi ya jirani yake, si dhidi ya mtengenezaji. Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, ilieleza kuwa wauzaji wapatao 50 walitishiwa kunyang'anywa mikataba kwa kuuza nje. Januari 1998 iliitoza Volkswagen faini ya ecu milioni 102 (ecu ilikuwa kipimo cha fedha cha Umoja kabla ya yuro). Mwaka 2000 mahakama ya Umoja iliona baadhi ya madai hayakuthibitishwa, ikaipunguza hadi yuro milioni 90. Mwaka 2003 rufaa ya mwisho ya Volkswagen ikatupwa.

Na fedha hizo hazikurudi kwa waliokataliwa magari. Faini ya namna hii huingia katika bajeti ya Umoja. Mnunuzi anayetaka fidia hulazimika kufungua kesi yake mwenyewe.