Juf: kijiji cha mita 2,126 na yanayosemwa juu yake

Barabara ya bonde la Avers, katika jimbo la Graubünden kusini-mashariki mwa Uswisi, inaishia penye nyumba chache, mazizi, na nyasi zinazopanda hadi kwenye mawe matupu. Hapo ndipo Juf. Wakazi wake hawazidi sana 30, lakini porojo zinazokizunguka zingetosha mji mzima.

"Ndicho kijiji cha juu kuliko vyote Ulaya."

Inategemea mpaka wa Ulaya unauchora wapi. Ukiihesabu milima ya Caucasus, kijiji cha Kurush kule Dagestan, kusini mwa Urusi, kinapita mita 2,400, na Juf inashindwa mchana kweupe. Katika milima ya Alps, ambamo Juf imo, sifa yake iko katika neno moja ambalo wasimuliaji hulisahau: watu wanakaa *mwaka mzima*. Vibanda vya wachungaji vilivyo juu zaidi vipo vingi, ila baridi ikianza hufungwa.

"Waliohamia huko ni maskini waliokosa pa kwenda."

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inageuza historia kichwa chini. Waanzilishi walikuwa Wawalser, watu wa lugha ya Kijerumani waliotoka sehemu za juu za Valais, magharibi mwa Uswisi. Bonde la Avers linawataja kwenye maandishi tangu 1292. Mabwana wa enzi hizo walitaka nchi ya juu ikaliwe na njia za milimani zilindwe. Kwa hiyo Wawalser walipewa ardhi ya kurithisha watoto wao, kodi isiyopandishwa kiholela, na uhuru wa nafsi zao. Wao wakaahidi kupigana wakiitwa. Wakati huo wakulima wengi wa mabondeni bado walifungwa kwa bwana mwenye shamba. Baridi ilikuwa bei ya uhuru, nao waliilipa wakijua wanachonunua.

Wala hawakukuta nchi isiyo na jina. Campsut na Cresta, vitongoji vya chini ya Juf, vina majina ya Kiromanshi, lugha ya majirani waliotangulia kuyajua malisho hayo.

"Ni Waswisi tangu 1291."

Hapana. Mwaka 1291 husimuliwa kuwa mwanzo wa muungano wa Uswisi, lakini Graubünden ilijitawala kwa miungano yake yenyewe na ikaingia Uswisi kama jimbo mwaka 1803.

"Walijifungia milimani, dunia hawaijui."

Nafaka haiivi Juf. Eldoret iko karibu kimo hichohicho na inavuna mahindi na ngano, lakini Eldoret imelala karibu na ikweta, na Juf iko nyuzi 46 kaskazini. Kinachoota ni nyasi: za kulisha ng'ombe na kondoo majira ya joto, na za kukausha kwa ajili ya miezi ya theluji. Asiyevuna nafaka lazima ainunue. Ndiyo maana watu wa Avers walivuka vipito kwenda Chiavenna, upande wa Italia, wakiswaga mifugo ya kuuza. Kuanzia 1512 hadi 1797 Graubünden ndiyo iliyotawala Chiavenna na bonde jirani la Valtellina, na watu wa milimani walipelekwa huko kuwa watawala, kwa cheo cha podestà. Kabla ya kufika Juf utaiona nyumba kubwa ya mawe ya mwaka 1664 inayobeba cheo hicho hadi leo.

"Alps ni misitu, basi kuni si shida."

Juf iko juu ya mstari wa mwisho wa miti. Wenyeji walikata samadi ya zizini vipande kama matofali, wakaianika na kuipanga ukutani, wakaota moto wake usiku wa baridi. Mwenye mifugo mingi alikuwa na nyama, maziwa na moto.

"Italia iko mlima wa pili, basi maji yanateremkia huko."

Kijito cha Juf kinaelekea kaskazini, kinaingia mto Rhine, na kufika Bahari ya Kaskazini huko Uholanzi. Bonde jirani la Lei liko Italia, ila maji yake nayo yanaelekea Rhine kupitia Avers. Bwawa la umeme lilipojengwa huko karibu na mwaka 1960, nchi hizo mbili zilibadilishana vipande vya ardhi: ziwa likabaki Italia, ukuta unaolizuia ukawa wa Uswisi.